Vitangulizi Visivyotangulia Chochote

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote mnaofanya kazi hapo gazetini. Najua mko salama, maana watu wanaoshiba huwa salama. Mimi nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, tumbo likinguruma kama mashine ya zege, na mbele yangu kuna sahani yenye vipande vinne vya tango. Juu ya kila kipande kuna samaki kiasi cha kumzibia mtu jino. Hicho ndicho chakula changu cha mchana, na kosa ni lako.

Nijitambulishe. Mimi ni fundi mwashi mstaafu. Nimejenga kuta kwa miaka arobaini na moja na hakuna hata mmoja ulioanguka, isipokuwa ule mmoja, na ule uligongwa na lori. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa upande, iache ikae. Aliyekuwa akizinyoosha barua zangu ni mke wangu, ambaye alisoma mpaka akamaliza, lakini hii naiandika kwa kificho kwa sababu yeye ni shahidi wa upande wenu.

Sasa sikiliza chanzo. Mke wangu aliugua tumbo. Alilazwa siku kumi na moja, akarudi nyumbani mwepesi kiasi kwamba alipokaa kwenye kochi, kochi halikujua. Daktari wake ni binti mdogo mwenye sauti laini na maneno magumu. Alisema maziwa hapana, siagi hapana, samli hapana, jibini hapana. Jibini sisi hatujawahi kuwa nayo ndani, lakini kunyimwa kulituuma vilevile. Ale vitu vyepesi, kidogo kidogo, mboga freshi na samaki. Kisha akamtazama usoni akasema, "Bibi, tarehe ishirini ya mwezi ujao nakutaka hapa kwenye mizani. Usipoongeza angalau kilo mbili, nakurudisha wodini." Mke wangu akajibu kwamba wodini harudi, na chakula hakimwingii. Maneno hayo mawili hayawezi kulala chumba kimoja, lakini yeye aliyasema kwa pumzi moja.

Akawa anakula vijiko viwili vya uji, cha tatu anakirudisha. Ndipo binti yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu na ana ugonjwa wa kukatakata magazeti, akakata ukurasa wenu wa Jumamosi, ule wa yule mnayemwita Bibi Jiko, wenye kichwa "Vitangulizi Vyepesi Bila Maziwa: Mboga Freshi na Samaki." Akaubandika kwenye mlango wa kabati la jikoni kwa plasta ya kidonda. Tangu siku hiyo sina amani. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipate njia ya kuyaruka.

1. Kuhusu jina. Kitu kikiitwa kitangulizi, maana yake nyuma yake kuna kingine kinakuja. Na Bibi Jiko mwenyewe ameandika, "Viandae dakika ishirini kabla ya mlo." Siku ya kwanza nilinawa mikono, nikala viwili vyangu, nikakaa kusubiri mlo. Mikono ikakauka. Nikanawa tena. Binti yangu akapita na kitambaa, akafuta meza. Nikamwuliza, "Mwanangu, msafara umekwama wapi?" Akasema, "Baba, ndiyo hivyo hivyo. Tukikaanga vitu vingine, harufu inamkata Mama hamu. Wote tunakula anachojaribu kula yeye." Ndugu Mhariri, mimi ni fundi. Ukinionyesha msingi Jumatatu, Jumanne nataka kuona tofali. Ninyi mmezunguka majumba ya watu mkichimba misingi, kisha mmepanda baiskeli zenu mkaondoka.

2. Kuhusu vipimo. Ukurasa unasema tango likatwe unene wa nusu sentimita. Hiyo naiheshimu, ni lugha ya watu wenye akili timamu. Lakini samaki akatwe "ukubwa wa kidole." Kidole cha nani? Gumba langu limegongwa na nyundo mara tatu mpaka likalala bapa. Nilimpima samaki kwa gumba hilo, kipande kimoja kikafunika tango, sahani, na eneo la meza. Binti yangu akashika kiuno: "Baba jamani! Kidole cha mtu wa kawaida!" Nimeusoma ukurasa mara nne, na mtu wa kawaida hajatajwa.

Tena kuna jambo la kuteleza. Bibi Jiko anasema mponde samaki wa mvuke pamoja na parachichi, ndimu na tangawizi, kisha tandaza juu ya tango. Anasema "tandaza" kama mtu anayesema "lala." Vya kwetu vyote viliteleza. Mke wangu alishika kimoja, samaki akamwangukia kwenye gauni. Akakirudisha sahanini akasema, "Hata chakula chenyewe hakitaki kuliwa." Siku ile hakugusa tena kitu. Nilimwona akigeukia ukutani, na mimi ule ukuta naufahamu, hauna cha kutazama.

Ikabidi niingie jikoni. Kwa ukaguzi tu. Narudia ili usinielewe vibaya, ukaguzi tu, maana anayeviandaa ni binti yangu, asubuhi kabla hajaenda kufundisha, na hivyo ndivyo mke wangu anavyojua. Katika ukaguzi wangu niligundua kosa ambalo fundi wa wiki mbili asingelifanya. Ukuta ukiwa umelowa, plasta haishiki. Tango ni ukuta uliolowa tangu kuzaliwa. Unalinyunyizia chumvi, unalilaza juu ya kitambaa safi robo saa, linatoa maji yake, unalifuta, ndipo unapiga plasta. Nyanya hali kadhalika: unaitoa moyo, unaiinamisha kichwa chini ivuje, ndipo unaijaza. Vyangu, yaani vya binti yangu, sasa unaweza kuvigeuza chini juu na samaki hang'oki. Inakuwaje gazeti zima linaajiri mtu wa jikoni asiyejua kupiga plasta?

3. Kuhusu kichwa changu. Nasema cha samaki, ingawa hiki kingine nacho kimeanza kuuma. Kwa miaka arobaini na sita ya ndoa, kichwa cha samaki katika nyumba hii ni changu. Hakuna karatasi tuliyosaini. Siku ya tatu baada ya kuoana mke wangu alikiweka kwenye sahani yangu bila kusema neno, mimi nikakitafuna mpaka macho, na ikawa sheria. Sasa ukurasa wako unataka minofu mitupu, "bila kichwa, ngozi wala miiba."

Muuza samaki wetu ni mama mwenye mikono mipana na mdomo mpana zaidi. Nilipomwomba minofu, kisu kilisimama hewani. Akaita meza zote za sokoni: "Jamani njooni mwone! Mzee wa vichwa leo anataka mnofu! Mzee, meno yamekwisha, au umeoa kigoli?" Watu wakacheka, hata wa upande wa vitunguu. Nikamwambia ni ya mgonjwa. Akapangusa kisu, akamrudisha samaki aliyekuwa amemshika, akachagua mwingine, akamtoa miiba mmoja mmoja kwa kibano akimsogeza karibu na macho. Hakusema neno tena mpaka naondoka. Sikupenda alivyonyamaza. Nilikuwa nimezoea kutukanwa pale.

Kichwa nilikibeba nyumbani, lakini kukikaanga ni harufu, na harufu ni marufuku. Akapewa paka wa jirani. Paka huyo mwezi uliopita alikuwa kama soksi iliyosahaulika kwenye kamba. Sasa ana shingo. Ana mashavu. Kila mchana anakuja kukaa dirishani mwa jikoni na kunitazama kama mpangaji mpya anavyomtazama wa zamani anayechelewa kutoa vitu vyake. Nimevuliwa cheo na mnyama, na barua ya uhamisho imeandikwa kwenye gazeti lako.

4. Kuhusu maziwa. Mmeandika bila maziwa. Hamkuandika bila muuza maziwa. Huyu bwana amekuwa akisimamisha baiskeli yake kwenye geti letu miaka thelathini. Tulipomwambia asilete tena alishuka kwenye baiskeli taratibu kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Mzee mwenzangu, nimewakosea nini? Maji sijaongeza tangu mwaka ule mliponibamba." Ningefanyaje? Ikabidi niwe nakunywa kikombe kimoja pale pale getini, kwa ajili ya kulinda ujirani. Masharubu yangu ni meupe kwa umri, kwa hiyo nilijua hayawezi kunisaliti. Nikaingia ndani nikijifanya natoka kukagua mfereji. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kochi, hana nguvu ya kunyanyua kichwa. Akanyanyua kidole. "Masharubu ya upande wa kushoto," akasema, "leo yamezeeka zaidi."

5. Hili nimelisahau, lakini lilikuwa zito kuliko yote. Naomba uliachie nafasi.

6. Kuhusu aibu niliyopata mbele ya wenzangu. Mafundi wanne niliofanya nao kazi walikuja kumjulia hali mgonjwa. Mkubwa wao tunamwita Zege, kwa sababu akishakaa mahali hang'oki. Ni watu ambao mchana wao ulikuwa sinia la wali na kila mtu na kona yake. Binti yangu akawaletea sahani ya vitangulizi ishirini, vimechomekwa vijiti, kila kimoja na jani la giligilani juu kama bendera.

Zege alivaa miwani. Akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ambayo yeye anadhani ni ya chini, "Hii ndiyo ramani. Jengo liko wapi?" Wa pili akachomoa kijiti, akachokoa meno kwanza, akasema anasafisha eneo la kazi. Wa tatu akakitazama cha kwake upande upande, akasema kimepigwa plasta vizuri mno, ni nani huyu fundi? Nikakohoa. Zege akala saba bila kupumzika, akafuta mdomo, akageukia kochi kwa heshima zote: "Shemeji, sisi si wageni hapa, tuambie ukweli. Chakula kinakuja saa ngapi?"

Hapo, Ndugu Mhariri, mke wangu akacheka. Alicheka mpaka akajiinua akakaa. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu kabla ya wodi, na nilikuwa nimeanza kusahau kwamba huwa kinaishia na kikohozi kidogo. Akiwa bado anafuta machozi, akanyoosha mkono kwenye sahani, akachukua kimoja, akala. Akachukua cha pili. Hata Zege alisahau kumeza. Akachukua cha tatu.

Vile vitatu, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu, vilikuwa fungu langu.

7. Na hili ndilo linalonifanya nikuite mbele ya sheria ikibidi. Tangu siku ile anakula. Kwanza vitano kwa siku, sasa anafika tisa, vya tango asubuhi, vya nyanya mchana, na jioni vile vya jani la kabichi lililoviringishwa na karoti na samaki ndani. Na kinachoingia tumboni, Ndugu Mhariri, kinatokea mdomoni. Alipokuwa hawezi, nyumba ilikuwa kimya. Niliweza kuvua viatu popote. Niliweza kukaa barazani na redio mpaka betri ichoke. Sasa nguvu zimerudi na zimeanzia kwenye ulimi. Juzi alitembea kutoka kwenye kochi mpaka mlango wa jikoni bila kushika ukuta. Nilikuwa nyuma yake hatua moja, mikono mbele, kama mtu anayefuata kuku. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza: kitambaa cha vyombo mbona kimekaa upande, nani amehamisha chungio, na kwa nini kwenye droo ya vijiko kuna futi ya chuma na mwiko mdogo wa plasta, mpya?

Nilisema nasikia mtu anabisha hodi.

Umeona mlichofanya? Mmemrudishia mke wangu sauti, macho, na kumbukumbu ya kila kitu nilichoahidi kutengeneza tangu tuhamie hapa. Jana ametaja bomba la bafuni, bomba ambalo hata lenyewe lilishasahau kwamba linavuja. Na keshokutwa ni tarehe ishirini. Akizipata kilo mbili, zitakuwa kilo mbili za ugomvi, na ni mimi nitakayeishi nazo. Na asipozipata. Hapa nilikuwa nimeandika mstari, nimeukata.

Kwa sababu hizo zote, pamoja na ile ya tano, naomba yafuatayo. Ukurasa wa Bibi Jiko ufungwe mara moja, na yeye ahamishiwe kwenye michezo, ambako watu hutangulia na kufuatana kwa utaratibu. Gazeti lichapishe picha ya sahani ya wali iliyojaa, ukurasa wa kwanza, kwa rangi, ili sisi waathirika tupate cha kutazama. Niletewe mtu wa kawaida, nipime kidole chake mwenyewe. Na paka wa jirani aandikiwe barua rasmi kwamba nafasi ile ilikuwa ya muda.

Nawasalimia wote hapo: mlinzi wa mlangoni, wapiga chapa, dereva anayesambaza magazeti kabla jua halijachomoza, na yule anayekosea majibu ya chemshabongo kila wiki. Msalimie na Bibi Jiko. Mwambie simchukii, nina njaa tu.

Wako katika kusubiri mlo,

Fundi Mwashi Mstaafu,
mwenye kiti cha jikoni

Nyongeza, tarehe ishirini na moja.

Ndugu Mhariri, barua hii haikuondoka siku ile. Niliificha chini ya chungio, nikidhani ni mahali salama, na mke wangu akatafuta chungio. Ameisoma yote. Amenisahihishia makosa kumi na manne ya herufi na saba ya uongo. Ya herufi nimeyarekebisha. Ya uongo ameniambia niyaache yalivyo, ila moja nilitaje mwenyewe.

Anayeviandaa ni mimi. Binti yangu aliviandaa siku ile ya kwanza tu. Nilimwomba akubali vibaki kwa jina lake, kwa sababu mke wangu kwa miaka arobaini na sita ameniona nikishindwa kuchemsha maji, na nilijua akisikia ni mikono yangu hatathubutu kuonja. Kumbe alijua tangu wiki ya kwanza. Nilimwuliza amejuaje. Akasema, "Nani mwingine duniani anayepanga matango kwenye sahani kama matofali, kiungo cha juu hakikutani na cha chini?" Niliitazama sahani, Ndugu Mhariri. Ni kweli. Kila safu ya pili nilikuwa nimeianza kwa nusu tango. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema aliogopa ningeacha.

Jana tulikwenda kwenye mizani. Kilo mbili na robo. Daktari akadhani ni viatu, akamvua, akampima tena. Kilo mbili na robo. Mimi nikatoka nje kukagua ukuta wa hospitali, ambao plasta yake ni mbaya sana, na nikaukagua kwa muda mrefu.

Kwa hiyo naomba ukurasa usifungwe. Bibi Jiko asihamishwe hata meza. Ukurasa wa Jumamosi hii uje mapema, kwa maana mke wangu ameshachoka na kabichi, na mimi mwiko ninao.

Wakati wa kurudi alitaka tupitie sokoni, kwa miguu yake. Muuza samaki alipomwona aliacha wateja, akazunguka meza kuja kumshika mikono yote miwili, kisha akakumbuka kazi, akaniuliza mimi kama ni minofu kama kawaida. Mke wangu ndiye aliyejibu.

"Minofu," akasema, "na kichwa. Kina mwenyewe."

Leo amekikaanga mwenyewe, amesimama, dirisha wazi. Nakimalizia sasa hivi ninapoandika. Paka amekaa palepale nje, ananitazama, na leo sijamwonea haya.